Ijumaa Inatoka

Mara ya kwanza kuusikia muziki huu nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nimeinunua mjini, mtaa wa Kalangalala, kwa mtu aliyekuwa na haraka zake, na ndani yake kulikuwa na memori kadi ambayo mwenyewe hakukumbuka kuitoa. Niliifungua nikitegemea kukuta kwaya au bongo fleva. Nikakuta mlio kama wa friji linalojiandaa kuwaka, halafu juu yake mlio mwingine kama matone ya maji kwenye sufuria tupu, halafu sauti ya msichana anayeimba kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Nilizima simu nikaiwasha upya. Mlio ukarudi vilevile. Nikausikiliza mpaka mwisho ili nikimrudishia aliyeniuzia niwe na ushahidi kamili, na wimbo ulipokwisha nikajikuta nauanza tena. Mama yangu, aliyekuwa uani anachambua dagaa, aliniuliza kama hiyo mashine ina wimbo ndani yake au bado inapasha moto.

Baadaye nilikuja kujua kwamba muziki wenyewe unaitwa sinthi-pop, kwamba unapigwa kwa vinanda vya umeme, na kwamba wale niliowapenda mimi hawana kampuni wala meneja. Wanarekodi nyumbani, wanauweka wenyewe mtandaoni, na baadhi yao wasikilizaji wao wote wangeweza kuenea kwenye basi moja na nafasi ikabaki. Niliowapenda kupita wote walikuwa kaka na dada wa nchi moja ya kaskazini, huko kwenye theluji, ambao walifanyia kazi zao kwenye chumba kilicho chini ya nyumba ya mama yao. Ndio walioimba ule wimbo wa friji.

Kushabikia kitu ambacho hakuna mwingine anayekishabikia ni kazi ya upweke. Mtu anayeshangilia timu ya mpira hata ikifungwa ana wa kulia naye. Mimi nikimwekea rafiki yangu wimbo, alikuwa anasikiliza kidogo kwa heshima, halafu ananiuliza wataanza kuimba saa ngapi.

Wakati mambo haya yanatokea nilikuwa nimehamia Mwakitolyo, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, ambako nilifungua kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye flashi. Nilikuwa na sola juu ya bati, jenereta ya akiba, kompyuta ya mkononi iliyopoteza baadhi ya herufi zake, na ukuta mzima wa waya. Wachimbaji waliniita dada wa chaji. Niliwaingizia walichotaka: nyimbo za Kisukuma za harusini, injili, bongo fleva, mahubiri. Kila simu ya pale ilipita mkononi mwangu, za wenye maduara, yaani wale wanaomiliki mashimo, na za wanunuzi wa dhahabu, na watu wakingoja chaji ijae walikaa kwenye benchi langu wakizungumza. Kwa hiyo iliaminika kwamba dada wa chaji hakuna asilolijua. Ukweli ni kwamba muda mwingi nilikuwa nimevaa spika za masikioni.

Mshabiki mwenzangu nilimpata kwa bahati. Siku moja nilikuwa nasoma maoni ya watu chini ya video ya wale kaka na dada, maoni ya Kiingereza na ya lugha nyingine nisizozijua, nikakuta moja limeandikwa kwa Kiswahili: "Kinanda kimepigwa kwa adabu." Nilihisi kama mtu aliyekutana na jirani yake ughaibuni. Nikamjibu, tukaandikiana, na nilipomuuliza yuko nchi gani akasema yuko Ushirombo, mwendo wa gari tu kutoka kwangu.

Nilitegemea kijana mwenye suruali ya kubana. Tulipokutana mara ya kwanza, Kahama, nilimkuta mzee mwenye koti lililopigwa pasi na rozari mfukoni, mwalimu wa kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, na badala ya kumpungia mkono nikajikuta nampa shikamoo kwa magoti yaliyokunjwa. Alinieleza kwamba maisha yake yote amefundisha watu sauti nne na hakuna siku sauti zote nne zimefika mwisho wa wimbo kwa pamoja. Alipousikia muziki wa vinanda vya umeme, ambamo kila mlio unakaa pale ulipowekwa, alitaka kulia. Toka hapo tukawa tunapigiana simu kila kunapokuwa na jambo. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita binti.

Basi ikaja ile wiki. Wale kaka na dada walikuwa kimya kwa muda mrefu hata tukaogopa kwamba wameacha muziki au wamegombana. Jumatatu asubuhi nilifungua ukurasa wao nikakuta picha ya dirisha lenye theluji, na chini yake tangazo kwamba albamu ya pili inatoka Ijumaa, na kwa sasa wanatoa kipande kidogo cha kuonja. Siwezi kueleza nilivyokuwa. Mteja mmoja alinikabidhi simu nikamrudishia betri peke yake. Wiki hiyohiyo, kana kwamba Mungu amefungua mlango wa stoo, mwanamke mwingine ninayempenda, anayeimba peke yake kama anazungumza na jokofu, naye akatangaza kwamba yake inafuata mwisho wa mwezi.

Nilikwenda nyuma ya kibanda nikampigia Mwalimu. Nilizungumza kwa sauti ya chini kwa sababu nilishachekwa vya kutosha. Nakumbuka vizuri nilichosema, maana nilikuja kulazimika kukirudia mbele ya watu.

"Mwalimu, imethibitishwa. Ijumaa inatoka. Nimeshaonja kipande kidogo, ni safi kuliko ile ya kwanza. Besi iko chini, chini kabisa, lakini ukiifikia utalia. Na huku hakuna anayejua, ni mimi na wewe tu."

Nyuma ya kibanda changu kulikuwa na turubai, na upande wa pili wa turubai mama lishe alikuwa ameketi na ungo anachagua mchele. Alikuwa jirani yangu mwema. Kwa muda alikuwa ameshaanza kuzifuatilia simu zangu za kunong'ona na yule mzee, akiamini kwamba kuna posa inakuja na mimi sitaki kusema. Siku hiyo alisikia sehemu tu ya maneno. Lakini mtu anayeishi machimboni, akisikia neno "inatoka", hafikirii nyimbo. Pale inatoka ni dhahabu.

Kesho yake asubuhi mama lishe aliniletea chai ya maziwa na chapati ambazo sikuagiza. Alikaa kwenye benchi akaniuliza habari za nyumbani, habari za mama, habari za usingizi, kisha akasema, huku akitazama pembeni, kwamba amesikia Ijumaa kuna kitu kinatoka.

Nilifurahi sana. Nilimwambia ni kweli, na kwamba sikujua kama naye anafuatilia mambo haya. Akasema anafuatilia, kimyakimya. Akauliza kama ni nyingi.

"Kumi na moja," nikamwambia. "Lakini mbili ni fupi, za kupumzikia tu."

Mama lishe aliweka birika chini polepole. Hakuniuliza kumi na moja ya nini. Mimi nilidhani ameguswa.

Mchana wake akaja bosi. Hivyo ndivyo tulivyomwita, mwenye duara kubwa kuliko yote pale, mtu mnene mwenye kofia ya pama, aliyekuwa anaamkiwa na kila mtu na yeye kuitikia kwa kidole. Kwa kawaida simu yake ililetwa na mtu. Siku hiyo aliileta mwenyewe, akakaa kwenye benchi langu, benchi likalia, akaniuliza kama ni kweli.

Nikamwambia ni kweli. Aliuliza inatokea wapi. Nikamwambia kaskazini. Akauliza ni kina nani wanaohusika, nami nikamweleza kwa furaha yote kwamba ni kaka na dada, watu wapole, hawapendi kujionyesha, kwamba wanafanya kazi chini ya nyumba ya mama yao na majirani zao wenyewe hawajui kinachoendelea mle ndani.

"Chini ya nyumba," alisema bosi.

"Chini kabisa. Wameanza zamani. Ile ya kwanza waliitoa kimyakimya, walioipata ni wachache. Hii itakuwa kubwa."

Bosi alivua kofia akajipangusa kichwa. Akauliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, mtu akitaka kuwahi afanyeje. Nilimjibu kama ambavyo ningemjibu mshabiki yeyote: simu yake iwe na chaji, na Ijumaa asubuhi asogee kule juu kwenye mawe, karibu na kwa bibi, kwa sababu mtandao wa pale bondeni ni mbovu na mimi mwenyewe ndiko nitakakokuwa. Alisimama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema nikiwa na shida yoyote nimwone.

Hapo ndipo jambo lilipopata anwani. Kule kwenye mawe, kaskazini mwa machimbo, kulikuwa na boma moja limezungukwa na ua wa minyaa, na ndani yake aliishi bibi mmoja mjane pamoja na mwanawe wa kiume na wa kike, watu wazima, wapole, wasiopenda kujionyesha. Walilima choroko na mpunga na kufuga ng'ombe wachache. Miaka yote machimbo yalipokuwa yakichemka huku chini, wao walikuwa kule juu wakipalilia, na dhahabu haikuwahusu.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha kuliko zote nilizowahi kuishi pale. Kila mtu alinisalimu. Watu ambao hatukujuana walikuja kibandani kuniuliza kama bado ni Ijumaa au imesogezwa, nami niliwahakikishia kwamba haijasogezwa. Nilifikiri kwamba hatimaye imetokea, watu wamefunguka masikio. Niliingiza albamu ya kwanza kwenye flashi za wote waliokubali, ili wawe na msingi, na walipokea bila kubisha kama mtu anavyopokea dawa kwa mganga. Nilimpigia Mwalimu nikamwambia aje tusikilize pamoja, kwa sababu Mwakitolyo imekuwa na mwamko ambao sijauona hata mjini. Akauliza kama nina uhakika ni muziki uleule. Nikamwambia ndiyo, wengine wanataka hata kulala kule juu ili wawahi. Akasema basi atapanda gari mpaka Kahama alale kwa mdogo wake, na asubuhi atafika.

Alhamisi alikuja kibandani yule binti wa bibi, ambaye nilikuwa namjua kwa sura tu. Alitembea kwa mashaka. Alisema kuna jambo hawalielewi pale kwao. Tangu juzi watu wanamletea mama yao sukari na vitenge, na bosi mzima alikuja akamsalimu kaka yake kwa kuinama, akamuuliza kama kazi ya chini inaendelea vizuri. Kaka yake alijibu kwamba inaendelea, akidhani anaulizwa habari za majaruba ya mpunga. Sasa kuna maturubai yamejengwa kuzunguka ua wao wote, na watu wenye sululu wameomba ruhusa ya kuchimba.

Nilimuuliza mama yake amesemaje.

Alisema mama yake hakuelewa pia, lakini ni mtu asiyependa kukatalia watu kitu. Amewaambia kama ni lazima wachimbe basi wachimbe nyuma ya jiko, pale kwenye minyaa, wasiguse mahali pengine.

Kama ningekuwa mtu makini, hapo ningeelewa. Lakini nilikuwa nimebakiza siku moja kufika Ijumaa, na kichwa cha mshabiki aliyebakiza siku moja hakifanyi kazi kama vichwa vingine. Nilimwambia pengine wanachimbia nguzo za maturubai. Alinitazama, akasema shimo limeshampita mtu urefu. Nikamwambia basi wanataka turubai liwe imara.

Ijumaa asubuhi nilifunga kibanda nikapanda kule juu na simu yangu. Nilipofika kwenye mawe nilisimama nikashangaa. Nusu ya Mwakitolyo ilikuwa pale. Walikuwa wamekaa kwa makundi, na kila kundi lina sululu, makoleo, viroba na kamba. Mama lishe alikuwa amehamisha masufuria yake yote. Bibi mwenyewe alikuwa kwenye kigoda mlangoni pake anakoroga uji wa kuwagawia watu, amevaa kitenge kipya. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, naye akaitikia vizuri, akauliza kama mimi ndiye niliyewaletea wageni hawa. Nilisema kwa unyenyekevu kwamba ndiyo.

Nilijiuliza kidogo juu ya zile sululu. Nilijijibu kwamba wamepita tu, baadaye wanaelekea kazini.

Ndipo Mwalimu akafika na bodaboda. Alishuka na koti lake, mkononi ana kisanduku cheusi chenye vitufe, ambacho kilikuwa spika yake, na shingoni amevaa zile spika kubwa za kufunika masikio. Yeyote aliyewahi kufika machimboni anajua ni nani hutembea na kisanduku cha vitufe na kuvaa vitu kama vile masikioni: ni mtu mwenye kipimo cha kutafutia dhahabu. Watu wote walisimama kwa pamoja. Njia ikafunguka katikati yao, shikamoo zikatoka kila upande, wazee kwa vijana, na Mwalimu akaitikia marahaba, marahaba, mpaka sauti ikamkauka. Aliponifikia aliniambia kwamba watoto wa huku wamelelewa vizuri.

Tuliketi juu ya jiwe bapa. Bosi alisogea akachuchumaa mbele yetu, kofia mkononi.

"Mzee," alisema, "tuanzie wapi?"

Mwalimu alilipenda swali hilo. "Tuanze na ya kwanza," alijibu, "halafu twende kwa mpangilio, bila kuruka. Wengi wanakosea kwa kukimbilia zile za katikati. Na tafadhali, watu wanyamaze. Kitu hiki hakitaki kelele."

Bosi aligeuka akanyoosha mkono, na ule umati wote ukanyamaza. Nilisikia ng'ombe wa bibi akicheua. Saa ilifika, nikagusa kioo cha simu, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama, kikazunguka tena. Mwalimu alifumba macho. Halafu besi ikaingia.

Ilikuwa nzito kweli. Ilitoka kwenye kile kisanduku ikapita kwenye jiwe tulilokalia, na nikaona watu wa mbele wanatazama chini, kwenye ardhi, kwa matumaini makubwa. Mmoja akalala kifudifudi akaweka sikio kwenye udongo. Ikaongezeka ile milio ya juu, ya matone, ikaharakisha, ikaharakisha, na watu wakaanza kushika mipini ya sululu. Hapo dada yule wa kaskazini akaanza kuimba.

Hakuna aliyesogea. Aliimba ubeti mzima. Bosi alimtazama Mwalimu, akakitazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Mzee," akauliza, "kipimo kinaimba?"

Mwalimu alifumbua macho akasema hicho ni kipaza sauti. Nami ndipo nilipozitazama zile sululu tena, na viroba, na lile lundo la udongo mpya nyuma ya jiko la bibi, na kila kitu nilichoambiwa wiki nzima kikajipanga kichwani mwangu kwa mpangilio, bila kuruka.

Bosi alinihoji taratibu, na watu walisogea ili wasikie. Kwa hiyo kinachotoka ni nyimbo? Nikasema ni nyimbo, bosi. Kumi na moja ni nyimbo? Ni nyimbo. Kaskazini? Nchi za kaskazini, kwenye theluji. Kaka na dada? Dada ndiye huyu anayeimba, na kaka yake ndiye anayepiga kinanda. Chini ya nyumba ya mama yao? Ndiko wanakorekodia. Na ile iliyo chini kabisa, ambayo mtu akiifikia atalia? Nikasema hiyo ni besi. Nilieleza besi ni nini. Nilikuwa nikieleza na wimbo unaendelea, na sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko ya yule dada.

Mama lishe alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mtu mmoja mrefu alianza kufoka. Alisema ameacha zamu yake kwenye duara la watu kwa ajili ya friji linaloimba, na kwamba mimi na huyu mzee wangu tukamatwe, simu ichukuliwe, kibanda kifungwe. Wengine wakamuunga mkono. Kelele zilianza kupanda, na niliogopa kweli, kwa sababu nimewahi kuona watu wa machimbo wakikasirika na si jambo la kusimuliwa kwa mzaha. Nilishika mkono wa Mwalimu. Mwalimu aliinua ule mwingine, kama anavyowainulia wanakwaya wake, na kwa mshangao wangu watu wakasita.

"Samahanini," alisema. "Wimbo wa tatu ndio unaanza."

Aliyecheka kwanza alikuwa bosi. Alianza tumboni, bila sauti, kisha akaketi chini kabisa na mguu mmoja ukanyooka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akawa anarudia maneno "kipimo kinaimba" na kumpiga mgongoni kila aliyekuwa karibu. Mtu ambaye bosi wake anacheka hawezi kuendelea kufoka kwa muda mrefu. Yule mrefu alijaribu kidogo, akaona yuko peke yake, akamgeukia bibi. Alisema hata huyu mama amedanganywa, ameharibiwa boma lake, amechimbiwa shimo refu bila sababu.

Bibi alikuwa bado anakoroga uji. Alisema hajaharibiwa kitu. Alisema tangu msimu wa mvua uliopita choo chake kimetitia, na mwanawe huyu kila akimwambia achimbe kingine anajibu baada ya kupalilia, baada ya kuvuna, baada ya kupura. Sasa wamekuja watu wenye nguvu na sululu zao wakamchimbia choo kirefu kuliko cha shule, mahali palepale alipowaonyesha. "Wabeja sana," aliwaambia, yaani asanteni, na akawaomba kabla hawajaondoka wamsaidie kupanga magogo ya juu.

Na kweli walimsaidia. Waliobaki. Wengi waliteremka wakinitukana kwa upole, lakini kundi zuri lilibaki kwa ajili ya uji na magogo, na bosi alibaki kwa sababu alisema ameshapoteza asubuhi, bora aone mwisho wake. Tuliusikiliza muziki uliobaki tukiwa tumezungukwa na milio ya mapanga.

Sasa niseme ukweli ambao uliniuma kuliko kufokewa. Albamu ile haikuwa nzuri kama ya kwanza. Mwalimu naye aliliona hilo, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anarekebisha kola yake. Walikuwa wameongeza ngoma za mashine kila mahali, na yule kaka alikuwa ameanza kuimba, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Mwalimu alisema wimbo wa saba ni kazi ya mtu aliyenunua kinanda kipya na anataka kila kitufe kijulikane. Nilimtetea kwa nguvu, kwa sababu mtu uliyemngoja muda wote ule huwezi kumtupa siku ya kwanza. Tulibishana pale juu ya jiwe kwa ukali, mimi na mzee wangu, mpaka bosi akatuuliza kama huu muziki huwa unawapa watu raha au ndiyo hivi.

Yeye mwenyewe alipenda mmoja, wa tano. Alisema unamkumbusha pampu inapokaribia kumaliza maji shimoni na unajua kwamba sasa kazi inaanza. Aliniagiza nimwekee uwe mlio wa simu yake. Niliuweka. Kwa miezi kadhaa akipigiwa simu pale bondeni, watu wote walikuwa wanageuka na kunitazama mimi.

Kibanda hakikufungwa. Wateja walipungua kwa wiki moja, kisha wakarudi, maana chaji ni chaji. Mama lishe alikuja kuniomba radhi akiwa na chapati, nami nikamwomba radhi yeye, na kila mmoja wetu alisisitiza kwamba kosa ni lake, tukafika mahali tukachoka.

Lakini kuna kitu kingine kilichotokea asubuhi ile, ambacho sikukiona mpaka watu walipokuwa wanatawanyika. Wimbo wa mwisho ulikuwa mmoja wa zile fupi mbili, kinanda kimoja tu na sauti ya yule dada. Ulipokwisha nilianza kukunja waya za Mwalimu. Yule binti wa bibi alikuwa ameketi nyuma yetu, chini, ana ungo wa choroko mapajani, na sijui alikuwa pale tangu lini. Aliniuliza yule dada alikuwa anasema nini.

Kiingereza changu ni cha kutosha tu. Nilimwambia anasema kwamba ameacha taa ya jikoni inawaka, kwa ajili ya mtu, ingawa anajua mtu mwenyewe hatarudi, na kwamba si kwa sababu anamngoja, ni kwa sababu ameshazoea kuiwasha.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe kwenye choroko. Kaka yake alimwita kutoka nyuma ya jiko, aje ashike upande wa gogo. Alimwambia asubiri.

"Rudisha," akaniambia.

Mwalimu, ambaye alikuwa ameshasimama na kujikung'uta koti, akaketi tena.